Nesi wa wodini ana nafasi gani kwenye ripoti ya akili ya mshtakiwa?

Dada wa Ngamiani, pole sana kwa yaliyomkuta mdogo wako, aliyeshtakiwa kisha akapelekwa Dodoma kupimwa akili. Umeuliza kama wanayoandika manesi yana uzito mahakamani, maana mlipofika Dodoma mliambiwa daktari kaonana naye mara chache tu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na Isanga, taasisi ya Dodoma wanakopimwa akili washtakiwa, nimepata kufanya kazi, kwa hiyo nakujibu ninayoyajua.

Ripoti ni ya daktari, na sheria inampa siku 42 kuifikisha mahakamani. Lakini usiku anayekaa na mgonjwa ni nesi. Kuna kijana alikuwa akimjibu daktari vizuri kabisa, ungesema hana tatizo. Wenzake wakishalala, anakaa ukingoni mwa kitanda, kaziba masikio kwa viganja, anabishana na mtu tusiyemwona. Chakula hagusi, anasema kimetiwa sumu. Hatukuandika "kichaa" wala "anajifanya". Tuliandika tulichokiona, saa ngapi, na maneno yake kama alivyoyatamka. Daktari alipolisoma faili, siku ile maswali yake yalikuwa mengine.

Wapo pia wanaoropoka mbele ya daktari, kisha wodini wanacheza bao bila kukosea kete. Hilo peke yake halithibitishi kitu, mgonjwa ana saa zake nzuri, ila nalo linaandikwa.

Sasa hapa ndipo mnapohitajika nyinyi. Swali kubwa la mahakama ni akili yake ilikuwaje saa ile ya tukio, siyo leo. Mdogo wako ametokea gereza la Maweni, pengine dawa zimeshamtuliza. Nesi hakuwepo siku ile, nyinyi mlikuwepo. Akikuuliza, mweleze alianza lini kukosa usingizi, wiki ile alikuwa akisema nini, mlimpeleka kwa mganga au hospitali ya Bombo. Kama ana kadi ya kliniki, ipelekeni. Na tafadhali msitie chumvi: kisheria kila mtu huhesabiwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na maelezo ya ndugu yakigongana yanamuumiza yeye.

Yeye naye ana haki ya kuambiwa mapema kwamba anayoyasema pale yanaweza kufika mahakamani. Nesi asiyemwambia hivyo anamkosea.

Halafu mama aelezwe sasa hivi: hata mahakama ikiona alitenda akiwa hana akili timamu, harudi Ngamiani siku hiyo. Atashikiliwa kwa matibabu, na huenda ikachukua muda mrefu.