Kwa mlioanza kuingiza data za hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa)

Vijana wa atachimenti, nimelifungua faili lenu la Impatiens (jenasi ya mimea ya maua) za Mlima Elgon, nikalifunga, nikaenda kunywa chai. Sasa naandika.

1. Latitudo. Kakamega na Elgon ziko kaskazini ya ikweta. Kisumu, Nakuru na Mau ziko kusini, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukisahau alama ya kutoa, sampuli ya Londiani inaruka zaidi ya kilomita 30 hadi upande wa Timboroa, na kwa kuwa huko nako ni juu na kuna msitu, hakuna atakayeshtuka. Heri kosa la kutupeleka baharini.

2. Futi si mita. Kuna mmoja wenu ameotesha ua kwenye mita 9,000, juu kuliko Everest. Hongera.

3. Lebo ikisema "Mt. Elgon", usikimbilie kuitafutia nukta, yaani latitudo na longitudo. Hili nalijua kwa machungu. Nilipoanza kazi nilikuwa na kiherehere kuliko nyinyi. Nikakuta lebo za taipureta: "Mt. Elgon, east side, forest, 9,000 ft." Nikatafuta mlima huo kwenye intaneti, nikapewa kilele, nikakibandika kwenye kila rekodi kwa desimali sita. Desimali sita ni kama sentimita 11, jamani. Nani alipima? Kisha nikaona urefu kutoka usawa wa bahari haupatani na nukta, basi nikabadilisha urefu! Nikaandika mita 4,321. "East side" nikaifuta, nikidhani nasafisha data.

Kilele chenyewe, Wagagai, kiko Uganda. Ua la msitu wa Trans Nzoia likatoka K3, kanda ya Kenya, likaingia U3 ya Uganda, likapanda hadi kwenye miamba na lobelia ambako miti imeisha kitambo. Mzee mmoja wa hebaria akaniita, akaweka shiti (karatasi yenye mmea na lebo yake) mezani, kidole juu ya neno "forest".

"Kijana, huko Wagagai ulikuta mti gani?"

Nikanyamaza. Akauliza tena, polepole, kana kwamba sikusikia.

Lililoniuma zaidi ni kwamba maneno ya lebo sikuyahifadhi popote. Ikabidi nirudi kabatini, folda baada ya folda, nikisoma upya kila shiti huku harufu ya nafthalini ikinipanda kichwani. Na faili lilikuwa limeshatumwa kwa watu. Hadi leo nikiona ramani ya jenasi ya ua hilo, jicho linakwenda kileleni kwanza.

Kwa hiyo: maneno ya lebo yanakaa kwenye safu yake, hayaguswi, hata kama yana makosa. Makisio yako yana safu nyingine, pamoja na umbali unaodhani umekosea. Kilomita 20 si aibu kwa mlima wenye kitako cha kilomita kama 80.

4. K3 na K5 ni kanda za Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa kuanzia 1952 hadi 2012. Si kaunti. "North Kavirondo", jina la wilaya la enzi za ukoloni, nayo iacheni ilivyo.

5. Mkienda msituni: Impatiens ikikauka presini (kibanio cha kukaushia mimea) inanata yote pamoja. Bandua maua machache uyabane peke yake kwenye karatasi ya shashi, mengine tia kwenye chupa ya spiriti, maana ule mkia mwembamba nyuma ya ua ukishagandamana na petali hakuna atakayeupima tena. Rangi iandikwe papo hapo, kabla haijapauka. Na "maua mazuri" si rangi. Aliyeandika hivyo anajijua; aje ofisini na daftari lake.