Krimu ya siagi inayoyeyuka juu ya biskuti

Pole dada. Unasema maua yako ya krimu yanatoka vizuri kwenye nozeli, ile ncha ya mfuko wa kupambia, halafu baada ya muda mfupi yanalala, na uko Dar. Mkono wako hauna tatizo, ni joto. Siagi huanza kulegea kabla haijafika nyuzi 30, na jiko la Februari linapita hapo tangu asubuhi.

Punguza siagi. Kwa gramu 500 za sukari laini ya aisingi, tumia siagi gramu 125 na mafuta magumu meupe ya kupikia gramu 125, yasiyo na harufu. Ladha itapungua kidogo, ongeza vanila na chumvi chembe. Maziwa weka kijiko kimoja kimoja. Wengi huharibu hapa, maana krimu huonekana nzito kisha ghafla inakuwa uji. Rangi nunua ya jeli, ya maji inalegeza.

Biskuti zipoe kabisa, hata chini. Mfuko ujaze nusu tu, kwa sababu kiganja nacho kina joto. Ikilegea, weka mfuko kwenye friji dakika 10, ukande, uendelee.

Ila usizipange moja juu ya nyingine: krimu hii haikauki ikawa ngumu. Za kufungwa kwenye vifuko vya zawadi, pamba kwa aisingi ya unga wa ute wa yai, hiyo hukauka. Mteja mwambie kuna maziwa, ngano na yai. Na ukitaka kupeleka madukani, waulize TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwanza kuhusu usajili.