Hilton alinunua, Hilton ilinunuliwa

SWALI: Mwalimu, salaam. Naandika habari za uchumi hapa Mombasa. Wiki hii nilimpelekea mhariri sentensi hii: "Hilton ni hoteli kubwa inayomiliki hoteli zaidi ya 8,000 duniani yenye brandi zaidi ya 20." Imerudi imejaa wino mwekundu. Mhariri anasema brandi si Kiswahili, niandike nembo. Tena anasema Hilton ni jina la mtu, kwa hiyo litumie a-: Hilton amefungua, Hilton amenunua. Je, nimfuate?

JIBU: Kwenye brandi mhariri wako ameona tatizo la kweli, ila neno alilokupa halifai. Kwenye a- ana haki, lakini kwa sehemu ndogo tu ya historia ya kampuni hiyo. Kosa lililo zito kuliko hayo mmelipita nyote wawili, nalo ni hilo "inayomiliki".

Tuanze na jina. Hilton alikuwepo kama mtu: Conrad Hilton, mzaliwa wa New Mexico. Mwaka 1919 alifika mji wa Cisco, Texas, akiwa na nia ya kununua benki. Biashara ya benki ikavunjika, akanunua hoteli iliyokuwa ikifurika wateja, iliyoitwa Mobley. Mwaka 1925 akafungua ya kwanza yenye jina lake, mjini Dallas. Hapo a- ndiyo yenyewe: Hilton alinunua, Hilton alifungua. Lakini mwaka 2007 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilipotoa takriban dola bilioni 26, haikumnunua mtu. Conrad alikuwa amefariki tangu 1979. Iliyonunuliwa ni kampuni, na kampuni iko katika ngeli ya i-/zi-: Hilton ilinunuliwa. Ukizungumzia hoteli zenyewe, kwa wingi, utasema Hilton zimeongezeka. Na mtu wa Nairobi aliyezoea kushukia katikati ya jiji atakwambia "pale Hilton pamefungwa", akiwa na maana ya mahali.

Tazama kazi inayofanywa na viambishi hivyo. Jina ni moja, halijaongezewa hata herufi, lakini a-, i-, zi- na pa- zinamwonyesha msomaji kama unasema mtu, kampuni, hoteli nyingi au mahali. Kiswahili kimekupa nyenzo hiyo bure, na mhariri akikulazimisha kutumia a- kila mahali anakunyang'anya. Ninawasihi waandishi wa habari za biashara waithamini, maana katika taaluma yao ndiyo inayozuia mkanganyiko.

Sasa brandi. Katika Kiswahili brandi tayari ni kinywaji, pombe kali iliyomo katika baa ya hoteli yoyote kubwa. Ukiandika kwamba hoteli ina brandi zaidi ya 20, wako wasomaji watakaodhani unahesabu chupa. Nembo nayo ni alama inayoonekana kwa macho: mchoro, herufi zilizopambwa, kama Nembo ya Taifa. Kampuni ikibadili rangi ya mchoro wake imebadili nembo, lakini bado ni ileile kwa mteja. Neno lako ni chapa. Wafugaji wanapiga mifugo chapa ili ijulikane ni ya nani, na wenye maduka wamekuwa wakisema "unga chapa fulani" tangu zamani. Conrad, Waldorf Astoria, DoubleTree, Hampton, Embassy Suites, Hilton Garden Inn: hizo ni chapa, kila moja na aina yake ya mteja na bei yake. Habari ikiwa ya mahakamani au ya usajili, tumia alama ya biashara, kwa kuwa ndivyo sheria inavyosema. Nchini Tanzania, BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, husajili majina ya biashara kwa upande mmoja na alama za biashara na huduma kwa upande mwingine, na vitu hivyo viwili havichanganywi.

Tuje kwenye kumiliki. Kumiliki ni kuwa na kitu kama mali yako. Hoteli nyingi mno zenye jina la Hilton mlangoni si mali ya Hilton. Katika biashara hii kuna mwenye jengo, kuna anayeendesha hoteli, yaani anayeajiri meneja na kusimamia huduma, na kuna mwenye chapa. Wanaweza kuwa mtu mmoja, wawili au watatu tofauti. Kwa sehemu kubwa kampuni hutoa haki ya kutumia chapa yake, na mwenye hoteli hulipa ada na kufuata masharti: vitanda vya namna gani, bafu la namna gani, mfumo upi wa kupokea wageni na kuhifadhi nafasi. Ndiyo maana kampuni inaweza kufikisha maelfu ya hoteli bila kujenga maelfu ya majengo.

Mfano ulio wazi ni Waldorf Astoria ya New York. Mwaka 2014 Hilton ilikubali kuuza jengo hilo kwa kampuni ya bima ya China, Anbang, kwa dola bilioni 1.95, na katika mapatano hayohayo ikapewa mkataba wa kuiendesha hoteli kwa miaka 100. Mwandishi aliyeandika "Hilton yauza Waldorf Astoria" akaishia hapo aliwapotosha wasomaji, kwa sababu chapa ya Waldorf Astoria ilibaki kwa Hilton, na uendeshaji pia. Lililouzwa ni jengo. Kisha mwaka 2017 Hilton iligawa mali zake, na majengo mengi iliyokuwa ikiyamiliki yakaenda kwa kampuni mpya iitwayo Park Hotels & Resorts. Mwaka 2024 mambo yakaenda kinyume: ilitoa dola milioni 210 kununua Graduate, chapa ya hoteli zilizo katika miji ya vyuo vikuu, na majengo yakabaki kwa muuzaji. Hapo sentensi sahihi ni "Hilton imenunua chapa ya Graduate". Ukiandika "imenunua hoteli za Graduate" utakuwa umempa mnunuzi majengo ambayo hakuyalipia.

Nairobi mnayo yenu. Hilton ya mjini, ule mnara wa mviringo, ilifunguliwa mwaka 1969 na ikafungwa mwisho wa Desemba 2022. Serikali ya Kenya ilikuwa miongoni mwa wenye hisa. Na wakati inafunguliwa, Hilton za nje ya Marekani zilikuwa chini ya kampuni iliyonunuliwa na shirika la ndege la TWA mwaka 1967, tofauti na ile ya nyumbani. Kampuni hizo mbili zenye jina moja hazikurudi pamoja hadi 2006. Kwa hiyo anayeandika historia ya miaka hiyo hana budi kusema ni Hilton ipi. Na kichwa cha habari "Hilton yaondoka Kenya" kisingekuwa kweli mwaka 2022, kwa kuwa Hilton Garden Inn ya karibu na uwanja wa ndege iliendelea kupokea wageni. "Hilton ya mjini yafungwa" ilitosha.

Maneno mengine nitayagusa kwa haraka. "Mnyororo wa hoteli" unaonekana sana magazetini, nami siupendi, kwa kuwa kwetu mnyororo hufunga. "Kampuni ya hoteli" inatosha. Kampuni hukua, chapa huongezeka, hoteli huenea. Usitupe "kupanuka" kila mahali. Wingi wa hoteli ni hoteli, ingawa mahoteli yanasikika kila siku na sitamkosoa anayesema hivyo. Lakini kumbuka kwamba kwa wasomaji wako wengi hoteli ni mahali pa kunywa chai na kula chapati, kwa hiyo pale panapoweza kuleta utata taja vyumba au malazi.

Sentensi yako ingeweza kuwa hivi: "Hilton ni kampuni ya hoteli ya Marekani. Ina chapa zaidi ya 20, na hoteli zinazobeba chapa hizo zimepita 8,000 duniani. Nyingi kati yake ni mali ya watu wengine." Nimeikata kwa sababu ya lile neno "yenye" uliloliweka mwishoni. Limekaa mbali na Hilton na limepakana na "duniani", msomaji analazimika kurudi nyuma kutafuta linamhusu nani. Kama ungependa ibaki sentensi moja, sogeza yenye ikae kando ya kampuni: "Hilton, kampuni ya Marekani yenye chapa zaidi ya 20, imeziweka chapa hizo katika hoteli zaidi ya 8,000."