Bolti ni bolti, nilisema

Jana tena nimemkuta kijana kalala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, simu kaiegemeza kwenye tairi inamwonyesha video. Nimemvuta miguu akatoka. Wadogo zangu, nawapenda, ila mtanizeesha. Haya, kazi za miguu ya gari: ipi mfanye wenyewe, ipi mlipe fundi, na vipi.

1. Stendi kwanza, vile vyuma vya kuegemezea gari likishanyanyuliwa. Jeki ni ya kunyanyulia.

2. Stabilaiza linki, vile vifimbo vinavyounga fito ya stabilaiza na mguu wa gurudumu, badilisheni wenyewe. Ni nati mbili kila upande. Zipulizieni dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi.

3. Bushi za lowa amu, yaani mipira ya kwenye maungio ya ule mkono wa chini unaoshika gurudumu. Hapa nina aibu yangu. Gari langu la kwanza niligoma kumlipa fundi, nikasema bolti ni bolti. Nikafungua amu, nikaenda kushindiliwa bushi mpya kwenye presi, nikarudi nikafunga, nikakaza kwa nguvu zangu zote gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia. Nikajipongeza. Haikupita miezi mitatu, kila nikikanyaga breki: ko! Nikamwendea muuza spea nikamfokea mbele ya wateja kwamba kaniuzia feki. Nikanunua za bei zaidi, nikafunga vilevile. Ko! Ndipo nikapeleka kwa fundi mzee. Akachomoa bushi, akaniwekea kiganjani: mpira umechanika kwa kujisokota, kama nguo iliyokamuliwa.

"Ulikazia juu?"

Basi, nikaelewa. Mpira wa bushi ile umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki. Ukikaza magurudumu yananing'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote. Unashika nati kwa mkono tu, unashusha gari libebe uzito wake, ndipo unakaza. Muuza spea nilimwomba radhi. Ananiita Feki mpaka leo.

4. Shokapu za mbele zilizovaa springi, lipeni fundi. Nati ya juu ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Ifungue bila kibano cha springi uone itakavyoruka na meno yako. Mimi kibano ninacho, na bado nalipa.

5. Shokapu ni jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Ukigusa amu au tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, nenda alaimenti, wakunyooshee magurudumu. Msibishane na mimi kwenye hili.

Yule kijana wa jana, alipokwisha kujifuta vumbi, nilimwuliza alikuwa anafanya nini kule chini.

"Namalizia kukaza bushi, bro."