Mtoto kaanza nasari na haishi kuugua: kabla hamjamtoa, someni hili

Dada, pole sana, Mungu ampe mwanao afueni. Kwa wanaoingia sasa hivi, swali lake kwa ufupi ni hili: mtoto ana miaka miwili na nusu, kaanza nasari Januari hapa Malindi, na tangu hapo ni makamasi, kikohozi, homa, macho mekundu, akipona hili laingia lile. Kemisti kila akienda anapewa chupa ya antibayotiki. Mavyaa, yaani mama wa bwana, anasema mtoto kapigwa jicho, na juu ya hayo kimeo cha kooni kimemshuka, apelekwe akakatwe. Bwana anasema atolewe shule mpaka akue. Na ndani ya nyumba kuna kichanga ambaye hajatimiza miezi miwili.

Mimi si daktari. Nina watoto watatu, wote wamepitia nasari hapa hapa mjini, na kabla sijafungua duka langu la vitambaa nilikuwa msaidizi katika nasari moja ya mtaani, wale wanaoosha vikombe na kuwabadilisha nguo waliojikojolea. Haya mambo nimeyaona nikiwa mzazi, na nimeyaona nikiwa mtumishi wa humo ndani.

Nianze na bwana: msimtoe, kama sababu ni mafua tu. Mtoto mdogo, hata wa kukaa nyumbani, hupata mafua kama mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Anayeanza nasari anaweza kufika 10 au 12 mwaka wa kwanza, na bado akawa mzima kabisa. Sasa kila mafua huchukua wiki nzima au zaidi, na kikohozi chake kinaweza kujikokota mpaka wiki ya pili, hata ya tatu. Na hayaji kwa zamu, yanakuja yamefuatana. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba mwanawe hajapona tangu Januari, kumbe alipona, akashika mengine kabla kikohozi cha kwanza hakijaisha. Virusi vya aina moja tu ya mafua, hivi vinavyoitwa rinovirusi, viko zaidi ya aina 100. Mtoto aliyelelewa na bibi yake uani alikutana na wachache. Leo amewekwa kwenye mkeka mmoja na watoto ishirini, kila mmoja na ya kwao.

Kumtoa ni kuahirisha. Kuna utafiti wa Tucson, kule Marekani, uliofuata watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokwenda vituo vikubwa vya kulelea watoto waliugua mafua zaidi ya wenzao wakiwa na miaka 2, lakini walipofika miaka 6 hadi 11 wao ndio waliougua kidogo. Kufikia miaka 13 tofauti ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo deni hili mtoto atalilipa, ama sasa ama akiwa darasani anafunzwa kusoma. Mimi naona afadhali sasa.

Ila sitaki mtu asome hapo juu akaenda zake na neno "kawaida". Hilo neno limeua watoto. Usihesabu ameugua mara ngapi, tazama yukoje zile siku za katikati, ambazo haumwi. Anacheza mpaka unamgombeza? Anaomba chakula? Nguo za Idi zimeanza kumbana? Basi mafua yake ni mafua. Lakini akiwa katikati ya ugonjwa na ugonjwa bado amelegea, hataki kucheza, uzito umesimama au unashuka kwenye kijitabu cha kliniki, huyo hana shida ya nasari. Huyo ana jambo jingine, na nasari imelifunua tu. Mwambie muuguzi ampime mkono kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 12.5 mtoto ana upungufu wa lishe, chini ya 11.5 ni hatari, anahitaji matibabu na si uji wa ziada peke yake. Mtazame viganja na ndani ya kope za chini kama vimekuwa vyeupe. Na kwa sisi wa kaunti hii ya Kilifi kuna ugonjwa wa selimundu, ule wa damu unaorithiwa kwa wazazi, upo sana huku kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mtoto anayevimba mikono na miguu, macho yakawa ya manjano, analia viungo, anaishiwa damu kila mara, mpimeni damu hata kama ukoo mzima waapa kwamba hawana. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wamebeba nusu na hawajaumwa siku moja. Pia ulizeni nyumbani ni nani anakohoa. Kikohozi cha mtoto kilichopita wiki mbili na babu naye anakohoa chumba hicho hicho, muende mkapimwe kifua kikuu wote.

Halafu malaria. Sisi tuko Pwani. Homa ya mtoto wa Malindi haiwi homa ya nasari mpaka ipimwe. Kipimo ni kutobolewa kidole, majibu kama dakika 15 hadi 20, na zahanati zetu wanacho. Hata kama ana makamasi mpaka mdomoni, apimwe, maana hakuna sheria kwamba mtoto augue kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na usikubali kupewa dawa ya malaria bila kipimo, wala kuambiwa "ni malaria hii" na mtu wa dukani aliyemgusa paji la uso.

La pili la kujua ni pumzi, na hili nataka kila mama alijue kama anavyojua kupima chumvi ya mchuzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, mfunue shati utazame tumbo likipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo ni pumzi ya mbio, inaweza kuwa nimonia. Wa miezi 2 mpaka mwaka, ni 50 au zaidi. Ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, hapo hakuna kuhesabu tena, ni kusimamisha tuk-tuk muende hospitali. Vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea haamki vizuri, au akipata degedege. Akiingiwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie kitu, na ikitulia bado aende hospitali, maana malaria kali huanza hivyo hivyo. Wazee watasema ni nyuni, yule pepo wa watoto. Sawa, wamsomee njiani.

Antibayotiki sasa. Hapa nina hasira kidogo, mnisamehe. Hizi dawa zinaua bakteria. Mafua ni virusi, haviguswi. Mtoto akipona baada ya siku tano tunasema chupa imefanya kazi, na angepona siku tano hizo hizo kwa maji na kulala. Makamasi kugeuka kijani si dalili ya kuhitaji chupa, ni mwendo wa mafua tu. Inachofanya ile chupa ni kumharisha, na kuwafunza bakteria waliomo mwilini kuistahimili, ili siku ana nimonia kweli hata amoksilini, antibayotiki ya nimonia, isifue dafu. Yule kijana wa kemisti hana ubaya, lakini wewe umesimama mbele yake na mtoto analia na umetoa pesa, atakurudisha mikono mitupu? Nenda ukaonwe na mtu wa afya, amsikilize kifua, amtazame masikio. Akiandika antibayotiki, imalizeni yote.

Dawa ya homa ni parasetamoli, na kipimo kinakwenda kwa uzito si kwa umri: miligramu 15 kwa kila kilo, baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa usiku na mchana. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za ile sharubati yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa, kuna kali zaidi ya hiyo. Aspirini usimpe. Kwa kikohozi, asali kijiko kidogo usiku inasaidia kweli, maadamu kapita mwaka 1. Chini ya hapo asali ni marufuku. Maji ya uvuguvugu na ndimu, supu ya samaki, vyote vizuri. Lakini chetezo toeni chumbani. Najua harufu ya udi na ubani ndiyo nyumba yenyewe, ila mtoto anayekohoa anavuta moshi, na jiko la makaa likiwa mlangoni anavuta mara mbili.

Akiharisha, maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, siku 10 hadi 14. Soma pakiti ni ya nusu lita au lita nzima, maana zote ziko madukani, na ukikosea kipimo unamzidishia chumvi.

Mavyaa. Hapa nenda kwa adabu, mwenye nyumba ni yeye. Dua, kombe, kumsomea, sina neno, mimi mwenyewe wanangu walisomewa. Mwambie hivi: "Mama, jicho tumsomee, ila kimeo tusimguse." Kimeo kila mtu anacho, kinaning'inia kooni, na mtoto akiwa na mafua kinavimba kama koo zima linavyovimba. Kikohozi kinatokana na makamasi yanayoteremka kooni usiku. Kukatwa kwa wembe au ndoana kwaleta damu isiyokatika, vidonda vyenye usaha na pepopunda, na baada ya hayo yote mtoto anarudi nasari na anakohoa vilevile. Akishikilia, mwombe daktari au muuguzi wa kliniki aseme mbele yake. Mavyaa wangu alikataa neno langu mwaka mzima, akamkubali muuguzi kwa dakika moja.

Lakini dada, katika hadithi yako yote mimi sikushtuka na huyu wa nasari. Nilishtuka na kichanga. Hapa kwetu Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakifuatilia kwa miaka kirusi kinachoitwa RSV, ambacho kwa mtu mzima ni mafua tu lakini kwa kichanga huziba mapafu. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuona nani anawaletea watoto wachanga, wakakuta mara nyingi ni ndugu zao wakubwa. Sisi tunamfungia mzazi ndani siku arobaini, wageni tunawapima kwa macho, na huyu wa nasari anaingia mbio na makamasi yake anambusu mdogo wake mdomoni. Akirudi tu, anawe mikono kwa sabuni, abadilishwe nguo, na abusu miguu badala ya uso. Akiwa na mafua walale mbalimbali kama nafasi ipo. Kichanga aendelee na titi, hata wewe ukiwa na mafua. Na kwa huyo wa chini ya miezi miwili hakuna kusubiri kesho: akipata joto, au akapoa kupita kiasi, au akaacha kunyonya, au akapumua mbio, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa saa nane za usiku.

Kuhusu nasari yenyewe, nenda siku hawakutarajii, kama saa nne asubuhi. Usitazame picha za ukutani. Tazama madirisha yako wazi au wamefunga chumba cha mabati kwa ajili ya vumbi. Tazama kama kuna mtungi wenye bomba na sabuni karibu na choo, na kama watoto wananawa kabla ya uji au wanapanguswa wote kwa kitambaa kimoja. Kitambaa kimoja ndicho kinachozungusha macho mekundu darasa zima. Mpe mwanao kikombe na taulo lake, lenye alama. Na nikuambie siri ya wasaidizi: saa nne ndiyo saa ya homa. Mzazi anampa mtoto parasetamoli alfajiri, anamleta saa mbili anacheka, saa nne dawa inaanza kuisha mwilini na mtoto anawaka kwenye mkeka katikati ya wenzake. Tulikuwa tunawajua kwa macho yao. Siwalaumu, wengi ni akina mama wa hotelini na sokoni ambao siku moja ya kukosa kazi ni chakula. Ndiyo maana tafuta mapema nani atakaa naye, shangazi, jirani, mkabidhiane zamu. Makamasi mepesi na anacheza, aende. Homa, kuharisha, kutapika, macho yenye usaha, abaki. Tetekuwanga abaki mpaka malengelenge yote yakauke yawe magamba.

Chanjo ya surua ni mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18, na hiyo ya pili wengi huisahau kwa sababu mtoto keshatembea na kliniki tumeiacha. Vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi 6 mpaka afike miaka 5.

Fungua kijitabu chake leo, uandike hapa uzito wake wa Januari na wa sasa, na kama ile sahihi ya miezi 18 ipo. Hiyo homa ya wiki iliyopita, ilipimwa malaria au ilipewa chupa tu?