Kabla hujafunga zenoni kwenye gari yako, soma yaliyonikuta mimi

Wakuu habari za saa hizi. Hii kitu nimeichelewesha sana kuandika, ila juzi jirani yangu hapa Goba kaja kuniuliza yule fundi aliyenifungia zile taa nyeupe za zenoni yuko wapi maana na yeye anazitaka, nikaona bora niweke yote hapa mtu asome kabla hajatoa hela yake.

Mi naendesha Toyota IST, ile ya mwanzo kabisa, taa zake zinatumia globu ya H4, ile ya miguu mitatu ambayo globu moja inafanya kazi ya dimu na full. Natoka mjini saa mbili saa tatu usiku, naitoa foleni ya Morogoro Road mpaka Mbezi Mwisho afu nakata kulia nashika barabara ya Goba, na ukishaingia barabara za ndani huko kila mtu anajua hali, matuta hayana rangi, mashimo, mtu anatembea pembeni kavaa nguo nyeusi, boda hana taa hata moja. Na taa zangu zilikuwa kama mshumaa. Nilikuwa naendesha nimeinama nimekaribia kugusa kioo na kifua.

Basi nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea, jamaa akanitolea seti ya zenoni, globu mbili, balasti mbili (viboksi vya kupandisha umeme wa kuwashia globu) na waya zake, akaniuliza nataka 6000 au 8000, hizo ni kelvini (K), kipimo cha rangi ya mwanga, nikachukua 6000 sababu aliniambia ndo nyeupe ya theluji. Pamoja na ufundi nikatoa 90,000. Fundi alimaliza ndani ya saa moja. Usiku ule nilipoimulika ukuta wa geti nyumbani nikaita na mke wangu aje aone, yaani palikuwa mchana.

Wiki ya pili ndo likatokea lile ambalo mpaka leo likinijia usiku nakosa raha. Natoka Mbezi kuja Goba, kuna sehemu barabara inashuka afu inapanda, mimi nashuka, kwa mbele anakuja dereva wa boda kampakia mama na mtoto. Nilikuwa kwenye dimu kabisa, sikuwasha full. Nikaona boda imeyumba, ikatoka kwenye lami ikaingia kwenye mtaro. Nikasimama nikakimbilia. Mungu ni mwema, mtaro ulikuwa mkavu na hauna kina, mama alichubuka mkono na mtoto alikuwa analia kwa kushtuka tu. Yule kijana hakunitukana hata, aliniangalia akasema, "Kaka, mbona umenipiga full na nimekuashiria mara mbili?" Nikamwambia ni dimu. Akasema, "Hiyo sio dimu kaka, mi sikuona kitu." Nikawapeleka zahanati, nikalipia, nikamwachia namba yangu. Nilipofika nyumbani nikampa mke wangu ufunguo arudi nyuma kama hatua 50 anisogelee na gari dimu likiwa limewaka. Aisee, nilifunika macho kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza naziona taa zangu kwa mbele, na kwa kweli hilo ndo jambo la kwanza mtu angetakiwa kulifanya kabla hata ya kumlipa fundi.

Kumbe dalili zilikuwepo. Safari moja ya Morogoro, kuanzia Mlandizi mpaka Chalinze malori na mabasi yalikuwa yananipigia full mfululizo, nikadhani ni trafiki wako mbele. Redio nayo tangu siku ile ilianza kukoroma kila nikiwasha taa, hiyo ni balasti za bei rahisi, zinaingilia mawimbi ya FM. Afu kuna kitu kingine kilinishangaza, pamoja na mwanga wote ule nilikuwa sioni mbali. Mita 10 mbele ya bampa panang'aa, mbele zaidi ni giza. Na mvua ikinyesha ndo kabisa, ule weupe unaishia kwenye matone na lami iliyolowa, mstari wa barabara siuoni.

Nikaanza kusoma na kuuliza mafundi wanaojua, na hapa naomba usome taratibu maana ndo kiini chenyewe. Globu ya kawaida ya H4 ndani ina nyaya mbili ndogo za tungsteni zilizojisokota, moja ya full na moja ya dimu. Ile ya dimu chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma, kazi yake ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya ile bakuli inayong'aa, yaani riflekta, sababu mwanga ukigonga pale unarushwa juu, machoni mwa anayekuja. Bakuli lenyewe limechongwa kwa hesabu ya ule waya, urefu wake wa milimita chache na pale ulipokaa. Ukiusogeza kidogo tu mwanga unaenda kwingine.

Zenoni haina waya. Ni kichupa kidogo cha kioo kina gesi ya zenoni na chumvi za metali, umeme unaruka kati ya ncha mbili kama cheche isiyozimika. Kuiwasha balasti inasukuma volti zaidi ya 20,000, ikishawaka inatulia kwenye wati 35. Cheche ile haina umbo la ule waya wala haikai pale pale, na mwanga wake ni mkubwa, globu ya zenoni ya kiwandani inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,200 hivi wakati dimu ya H4 ya kawaida inatoa karibu 1,000. Kwa hiyo umechukua mwanga mara tatu ukauweka kwenye bakuli ambalo sio lake, unamwagika juu, pembeni na hapo chini ya bampa, na hapo chini kukiwa kweupe sana jicho linajizoesha na ule weupe, mbali unapaona peusi. Ndo maana mi niliona nina taa kali kumbe nilikuwa naona kidogo kuliko nilivyodhani.

Kwa hizi za H4 kuna tatizo la ziada, nyingi zina kisumaku kinachoisogeza globu mbele na nyuma ukibadilisha dimu na full, unasikia tak. Kikikwama unabaki kwenye full bila kujua. Ya kwangu upande wa kushoto ilianza kukwama mwezi wa tatu.

Sasa mtu ataniambia mbona Harrier na BMW zina zenoni toka kiwandani na haziumizi. Ni kweli, BMW walianza kuziweka kwenye 7 Series mwaka 1991, ila taa ile ilitengenezwa kwa ajili ya zenoni tangu mwanzo. Nyingi zina projekta, lile jicho la duara lenye lensi nene, ndani kuna kizuizi kinachoukata mwanga kama kwa wembe, juu giza chini mwanga. Na Ulaya taa ikizidi lumeni 2,000 sheria inataka gari liwe na mfumo wa kujishusha taa lenyewe ukipakia mzigo, pamoja na vinyunyizio vya kuoshea kioo cha taa, maana hata vumbi tu juu ya kioo linautawanya mwanga ule. Marekani nako mamlaka ya usalama barabarani ilishasema hizi seti za kubadilishia haziwezi kukidhi kiwango chao. Sisi tunaifunga kwenye kioo cha njano chenye vumbi la Goba.

Nikazitoa zote. Nilichofanya baada ya hapo kiligharimu hela kidogo na sahivi naona vizuri, tena mbali.

Kwanza vioo. Kioo cha taa za siku hizi ni plastiki, jua la Dar linakula ile tabaka ya juu inayokilinda, kinakuwa cha njano na ukungu. Dawa ya meno nilishajaribu, inang'aa siku mbili tatu inarudi. Inatakiwa msasa wa maji, anza namba 1000, nenda 2000, malizia 3000, muda wote unamwagia maji, afu polishi, na ukimaliza lazima upake ile dawa ya kukinga jua, sababu usipopaka umeondoa kinga ya kiwandani na baada ya miezi michache kioo kitakuwa kibaya kuliko mwanzo. Vijana wengi wa kupolishi barabarani wanairuka hii hatua ya mwisho, waulize kabla hujawalipa.

Pili umeme, na hapa ndo nilipata faida kubwa kuliko pote. Nilikuwa nadhani gari ina betri nzuri basi taa zinapata umeme wake. Fundi waya mmoja mzee wa Ilala akachukua mita, gari inaunguruma na taa zimewaka, kwenye betri volti 14, kwenye soketi ya taa 12.1. Akaniambia zilizobaki zinaliwa njiani, waya mwembamba wa miaka mingi, swichi imechoka, na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi umeshika kutu. Globu ya kawaida haivumilii hiyo, volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Akasugua ule waya wa hasi, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo), waya wa zamani ukabaki kazi yake kuamsha rilei tu. Tukapima tena, 13.6. Ile siku niliona rangi ya taa imebadilika kutoka wekundu wekundu kuwa nyeupe, na globu ni zile zile.

Baada ya hapo ndo nikanunua globu mpya, za kampuni inayojulikana, za kawaida 60/55, yaani wati 60 za full na 55 za dimu. Utauziwa za 100/90, usichukue. Globu ya wati 60 inavuta kama ampea 5, ya 100 inavuta zaidi ya 8, soketi inayeyuka na lile bakuli linababuka kwa joto, nimeona kwa macho yangu soketi imekuwa uji. Na zile zilizopakwa rangi ya bluu ili zionekane kama zenoni, ile rangi inazuia sehemu ya mwanga, unalipia zaidi kupata kidogo. Wakati wa kufunga usishike kioo cha globu kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaunguzwa pale na globu inakufa mapema, shika kwa kitambaa safi. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Mwisho kupima taa, kitu ambacho karibu hakuna mtu anafanya. Upepo wa tairi uwe sawa, mtu akae kwenye siti ya dereva, egesha sehemu tambarare mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya globu, weka alama ya urefu huo ukutani, washa dimu, mwisho wa mwanga uwe kama sentimita 5 chini ya alama. Sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo mwanga upande wa kulia unabaki chini na kushoto unapanda kidogo kuonyesha kando ya barabara. Gari za Japani zinakuja hivyo tayari sababu na wao wanaendesha kushoto, ila ukiwa na gari lililotoka nchi za kuendesha kulia, mwanga unapanda upande wa anayekuja na hapo hakuna skrubu ya kurekebishia taa itakayokusaidia, inatakiwa taa nyingine. Afu kile kigurudumu chenye namba karibu na usukani, wengi hatukigusi mpaka tunauza gari, kazi yake ni kushusha taa ukipakia nyuma. Desemba tunaposhindilia mizigo buti nzima kwenda mkoani, gari inanyanyua pua na dimu inakuwa full kwa mwenzako. Zungusha.

Kama baada ya yote hayo bado unataka zenoni, tafuta taa nzima, ya gari lako lile lile la daraja la juu lililotoka na zenoni Japani, mitumba ipo, uje na balasti yake na globu ya aina yake, D2S au D4S kutegemea na gari, na usichanganye maana hizo mbili zinatumia volti tofauti. Chukua 4300K, ndo yenye mwanga mwingi, ukipanda 6000 na 8000 unaongeza ubluu na kupunguza mwanga. Ukiona moja imeanza kuwa ya pinki ujue imezeeka. Na kazi hiyo usijifanyie nyumbani taa zikiwa zimewaka, zile volti za kuwashia zinaua.

Jirani yangu nilimuonyesha ile seti, bado ninayo kwenye boksi lake stoo, akaniomba nimuuzie hata kwa 40,000. Nimemkatalia. Jumamosi asubuhi analeta gari yake hapa nyumbani, msasa ninao na ukuta wa geti una alama tayari.