Vimbunga vya Atlantiki: ndo basi au bado? Maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanauliza kitu kimoja, kwamba Novemba ndo hii, je vimbunga vya kule Atlantiki vimeisha au vinajipanga upya? Nimechukua machache.

Niko Houston. Naweza kutoa mbao madirishani sasa?

Toa tu dada. Kwa Texas mambo huwa yameisha kufikia katikati ya Oktoba, na kile kimbunga Jerry kilichopiga Galveston, hapo pwani karibu na Houston, Oktoba 1989 watu bado wanakitaja manake kuchelewa hivo ni nadra. Baridi ikianza kushuka kutoka Kanada inapoza maji ya kaskazini ya Ghuba ya Meksiko, alafu pepo za juu zinavuma kutoka magharibi, kwahiyo kimbunga kikizaliwa huko kusini kinasukumwa upande wa Kuba na Florida, sio kwako. Yale maji ya chupa uliyoweka stoo usimwage lakini, kunyweni.

Hii tarehe 30 Novemba nani aliipanga, bahari inaijua?

Haijui kabisa. Msimu rasmi ni 1 Juni mpaka 30 Novemba kwa sababu vimbunga vingi sana vinaangukia humo, kilele kikiwa karibu na 10 Septemba, ila vingine havisomi kalenda: Zeta ilizaliwa 30 Desemba 2005 ikavuka mwaka mpya ikiwa bado hai, na kabla yake Alice ilifanya hivohivo mwaka 1954. Zeta ilikaa baharini mbali, Alice ikapita visiwa vya mashariki mwa Karibi, ila madhara yake hayakuwa makubwa, kwahiyo mi sizihesabu kama sababu ya mtu kukosa usingizi Desemba.

Kama joto linapungua, mbona vikali vingine vinakuja mwishoni?

Hapa ndo penye utamu, nivumilieni kidogo. Agosti na Septemba vimbunga vingi vinaanzia kwenye mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika, yanatokea pwani ya Senegali na Cape Verde yanavuka bahari nzima, kwahiyo kuanzia Miami pale kwenye kituo cha taifa cha vimbunga wanayaona wiki nzima kabla. Ikifika Oktoba mawimbi hayo yananyong'onyea na pepo za juu zinakata vichwa vya mawingu katikati ya Atlantiki, huko kweli msimu unakufa. Lakini Karibi ya magharibi, kati ya Jamaika na Honduras, maji yamekuwa yakipikwa tangu Juni na joto limezama mpaka kina kirefu, sio la juujuu, na kimbunga kinataka maji ya kama nyuzi 26.5 kwenda juu, pale yapo mpaka Novemba. Kwahiyo vinapungua idadi ila vinazaliwa mlangoni kwa watu, na muda wa kujiandaa unakuwa mfupi.

Angalia majina yenyewe. Mitch, mwisho wa Oktoba 1998, iliua watu zaidi ya 10,000 Honduras na Nikaragua, na wengi hawakuuawa na upepo, ni mvua na maporomoko ya udongo. Wilma, Oktoba 2005, ilishusha mgandamizo wa hewa mpaka milibari 882 (ukishuka zaidi ndo kimbunga kikali zaidi), rekodi ya Atlantiki mpaka leo. Eta na Iota zilipiga pwani ileile ya Nikaragua ndani ya wiki mbili, Novemba 2020, watu hawajamaliza hata kutoa matope. Alafu Melissa, 28 Oktoba 2025, iliingia Jamaika na upepo wa kilomita 295 kwa saa, na mwaka huohuo hakuna kimbunga kamili hata kimoja kilichotua Marekani bara, ndo maana nikisikia mtu wa Florida anasema msimu ulikuwa mwepesi nanyamaza tu.

Mi niko Tampa, ninunue bima ya mafuriko sasa au ningoje mwakani?

Nunua mapema kaka, usingoje jina la kimbunga litangazwe kwenye TV. Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipa, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi maji ya mafuriko, wengi wanagundua hilo wakiwa na kapeti iliyolowa mkononi. Na Novemba kwenu haiko salama mia kwa mia, Nicole ilitua Florida 10 Novemba 2022, na Kate ya 1985 ilikuja 21 Novemba.

Huku Dar, vikiisha kule si vinahamia kwetu?

Havihami mwanangu, ila zamu inabadilika. Kusini mwa ikweta kiangazi cha bahari ndo kinaanza, na msimu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi unahesabiwa kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Aprili. Wanaoumia sana ni Madagaska, Msumbiji, Morisi. Tanzania tunaguswa mara chache kwa kuwa karibu na ikweta kimbunga hakipati mzunguko wa kutosha, lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, Kenneth ya Aprili 2019 ilipita jirani kabisa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya ilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, siku chache baada ya msimu kufungwa kwenye karatasi. Sasa mtu wa Kilwa ukimwambia Aprili 30 imepita atakucheka.

Tuna tiketi ya meli ya utalii Karibi, Krismasi. Tughairi?

Nendeni. Mkaogope chakula cha bure kuliko upepo.